Malkia wa Observatory

Emery hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hilo mapema, maana mbele ya safari msomaji anaweza kumchukia kidogo. Alikuwa mchora katuni, na kazi ya mchora katuni ni kuiona pua ya mtu na kuikuza mpaka mwenye pua ajute kuwa nayo. Kwao Bukavu alichora wakubwa wa serikali mpaka gazeti lake likafungwa. Hapa Johannesburg, mwaka huo wa 2018, alimchora yeyote aliyekubali kukaa mbele yake.

Kila Jumamosi alibeba kiti chake cha kukunja hadi soko la wikendi kule Doornfontein, ambako vijana wenye ndevu zilizochongwa walinunua kikombe cha kahawa kwa bei ya mikate mitatu. Aliwachora kwa randi hamsini kichwa. Wengine walisema picha haifanani, wakalipa thelathini. Bibi mmoja mwenye kidevu cha haja alimtaka akipunguze. Emery alipokipunguza, bibi akasema sasa huyo si yeye, akaondoka bila kulipa hata senti. Emery akamshukuru hata hivyo. Mgeni huzoea kushukuru.

Kazi aliyoipenda hasa ilikuwa ya Jumatano. Siku hiyo alichora picha moja kubwa kwa ajili ya watu wake mwenyewe, akaipeleka mtaa wa Yeoville kwa Parfait, kinyozi kutoka Uvira, nayo ikabandikwa ukutani kando ya kioo. Parfait aliipiga picha kwa simu na kuituma kwenye makundi ya Wakongo, Warundi na Watanzania. Humo Emery aliwachora wenyeji: karani wa ofisi ya karatasi za ukimbizi anayetafuna paja la kuku huku foleni ya watu mia inamtazama, polisi anayeuliza pasipoti ilhali macho yake yako mfukoni mwa mtu, mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, anayehesabu chenji ya mgeni mara tatu, na kila mara inapungua.

Watu walikuwa na haja na picha zile. Mtu aliyeshinda wiki nzima akiitwa kwerekwere, tusi la wageni, alikuja kwa Parfait hata kama kichwa chake kilinyolewa juzi, akacheka mpaka akafuta machozi, akarudi kwake mwepesi. Walimwita Emery "Docteur", daktari wao. Aliipenda sifa hiyo, pengine kuliko ilivyompasa.

*

Mwezi wa tatu, Emery, mkewe Marthe na binti yao Gaëlle, wa miaka kumi, walihamia mtaa wa Observatory, kwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mmoja mwenyeji aliyeitwa MaZondi. Mapatano yote yalifanywa na mpwa wake, Sandile, bwana mwenye gari jeupe na maneno machache. Vilikuwa vyumba safi, vyenye bafu lao wenyewe, na nje kulikuwa na geti linalofungwa kweli. Marthe, ambaye ni msusi, aliruhusiwa kuweka kiti barazani na kuwasukia wateja hapo. Miaka mitatu nyuma familia hii ililala kwenye mahema, baada ya watu kuvunja mlango wao usiku wakitafuta wageni. Ndiyo maana Marthe, wiki ile ya kwanza, alikuwa akitoka kulishika tu lile geti, kisha anarudi ndani.

Ila mama mwenye nyumba aliwashinda. Siku ya kwanza Emery alimnyooshea mkono, naye akauingiza wake ndani ya mtandio na kuinamisha kichwa. Marthe alimpelekea sahani ya sombe, yaani kisamvu, kwa samaki; mama akaonyesha kwa kidole, weka pale ngazini. Hakuipokea. Akisema, alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba maneno yanauzwa. Siku zote alivaa gauni lile lile la buluu ya giza na mtandio wa rangi hiyo hiyo uliobanwa kwa pini. Emery alizoea kuona wanawake wa mji huu wakipita na sare za makanisa yao, basi akakata shauri kwamba hiyo nayo ni sare, ya kanisa la watu wa kujiona. Na jua likikaribia kuzama, popote alipokuwa, mama huyo alirudi haraka, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Anaogopa giza ama anaogopa siye?" Emery alimwuliza mkewe jioni moja, akiwa ameshika penseli.

"Muache mama ya batu, Papa Gaëlle," Marthe alisema. "Alitupatia nyumba. Mi sijue roho yake. Weye unaijua?"

"Roho siijue. Mukono niliuona. Aliuficha kama vile niko na ukoma."

"Labda ni desturi yao."

"Desturi ya kukataa bakwerekwere. Hiyo desturi tunaijua."

Sahani ya sombe ilikuwa imemuuma Marthe pia. Sahani ilirudi imeoshwa, hilo ni kweli, lakini iliachwa palepale ngazini kama sahani ya paka.

Basi Jumatano ile Emery alimchora. Akamketisha kwenye kiti cha enzi juu kabisa ya ngazi, pua imeelekea mawinguni, mtandio wa buluu umetanda kama joho. Chini yake akapanga foleni ya wageni wamenyoosha mikono, mmoja na sahani, mmoja na ua, mmoja na karatasi yake ya ukimbizi. Mkono mmoja wa mama ulikuwa nyuma ya mgongo. Kwa mwingine alishika koleo la mkaa, na kwa koleo hilo alikuwa akiipokea ile sahani. Chini akaandika: Malkia wa Observatory.

Ilikuwa picha nzuri. Tusimnyime haki yake. Mstari wa pua ile ulichorwa kwa mara moja tu, bila kufuta. Kwa Parfait watu walicheka mpaka mteja mmoja akakatwa kidogo sikioni. Juvénal, Mrundi aliyelinda maghala kule Midrand na ambaye mwezi uliopita alipigwa na watu asiowajua mpaka meno mawili yakang'oka, alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Aliomba wamtumie hiyo picha haraka, apate kuitazama kazini.

*

Ijumaa Emery alimchukua Gaëlle shuleni, wakapitia kwa Parfait kuchukua mwavuli aliousahau. Mtoto aliwasalimu wakubwa, kisha akasimama mbele ya ukuta. Alikaa pale muda mrefu. Gaëlle alikifahamu Kiswahili chote cha nyumbani, lakini akijibu alijibu kwa Kiingereza, na akicheza alicheza kwa Kizulu.

"Papa," alisema, "huyu si Gogo, bibi yetu wa pale nyumbani?"

"Ni yeye. Anafanana?"

"Kwa nini umemchora na inzila yake?"

"Na nini?"

Mtoto aligeuka, akamtazama baba yake kwa mshangao. Akaeleza taratibu, kama anavyoeleza mtu jambo linalojulikana na kila mtu. Inzila ni nguo za kumlilia mume. Mwalimu wao wa darasa la tatu alizivaa mwaka mzima. Wengine huvaa nyeusi, wengine buluu, ni familia inayochagua. Mwenye nguo hizo hapeani mkono na mtu. Hapokei kitu mkononi mwa mtu. Hapazi sauti. Lazima awe ndani kabla jua halijazama. Wanasema ana giza la msiba, na hataki kumwambukiza mtu giza lake.

"Kwa hiyo anatukinga sisi," Gaëlle alimaliza. "Si kwamba anatukataa."

Parfait alizima mashine ya kunyolea.

"Sasa kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Hukuniuliza. Nilidhani watu wakubwa mnajua."

Emery aliibandua picha ukutani kwa mikono miwili, pembe moja ikachanika. Parfait alimtazama kwa huruma.

"Docteur, ile ya ukutani ni kazi bure," alisema. "Nilituma kwa makundi saba. Na wao walituma kwingine. Asubuhi nimerudishiwa na mutu wa Durban."

Maji yakimwagika hayazoleki, na picha ya simu ni maji ya mto. Walitembea kurudi nyumbani, mtoto amebeba mwavuli, baba amebeba malkia aliyekunjwa chini ya kwapa.

*

Marthe aliposikia hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Emery. Alimalizia kusuka mstari mmoja kichwani mwa mteja, akamwomba arudi kesho, akaingia ndani na kuketi kitandani.

"Nilimuwekea chakula chini," alisema. "Nikamukasirikia. Mama wa watu amefiwa, na miye nikamukasirikia kwa sababu ya sahani." Akajifuta macho kwa kanga. "Akiiona hiyo picha, tutatoka hapa. Na atakuwa na haki."

"Labda hataiona. Hana hata simu nzuri."

"Sandile iko nayo."

"Sandile hasomi Kiswahili."

"Picha inasomwa na kila mutu, Papa Gaëlle. Si weye ndio husema hivyo?"

Alikuwa amekwisha kusema hivyo mara nyingi, akijisifu. Emery alizunguka chumbani. Alisema angesubiri wiki moja aone. Alisema pengine angeandika barua. Alisema hata habari ya kutafuta vyumba kwingine kabla mambo hayajaharibika, na hapo Marthe akainuka.

"Mi sihami tena kwa kukimbia," alisema. "Nikifukuzwa, nifukuzwe. Lakini utaenda weye mwenyewe, leo, na hiyo karatasi, umuonyeshe kabla simu haijamuonyesha. Na utaenda na mutoto, kwa sababu Kiingereza chako cha sokoni hakitoshi."

"Mbele ya mutoto?"

"Mutoto ndiye anajua. Weye hujui."

*

MaZondi alikuwa jikoni kwake, ameketi sakafuni kwenye mkeka, mgongo ukutani. Saa ilikuwa kumi jioni. Emery aliondoa kofia, akapiga magoti mlangoni, akaitandaza picha sakafuni na kuisukuma kidogo kuelekea kwake. Safari hii hakunyoosha mkono.

Mama aliinama. Aliitazama picha kama mtu anayesoma barua ndefu. Kisha akasema neno kwa Kizulu, na Gaëlle akalitafsiri.

"Anauliza, hawa walio kwenye foleni ni nani?"

"Ni siye. Wageni."

"Na mimi nimeshika nini?"

Gaëlle akamgeukia baba yake na kunong'ona, "Papa, nimwambie na hiyo?"

"Mwambie."

Mtoto akaeleza koleo. Alieleza huku anatazama vidole vya miguu yake, na Emery, aliyewahi kukaa mahabusu siku tisa kwa sababu ya picha na akatoka anatabasamu, alitamani sakafu ile ipasuke immeze. Akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza, akachanganya na Kifaransa, akamalizia kwa Kiswahili. Alisema hakujua. Alisema alidhani anadharauliwa, na kwamba hapa mjini wamedharauliwa sana, mpaka sasa wanaona dharau hata pale isipokuwepo. MaZondi alimwacha amalize.

"Walicheka?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Sana."

Mama aliitika kwa kichwa. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo, kipande kwa kipande, akimpa mtoto nafasi ya kutafsiri.

"Sandile aliniletea picha hii kwenye simu jana. Kuna mtu kazini kwake ana rafiki Mkongo. Sandile anataka mtoke mwisho wa mwezi. Nilimwambia asubiri kidogo. Nilitaka kuona kama utakuja mwenyewe."

Emery hakuthubutu kuinua uso.

"Sijaamua," mama aliendelea. "Hao waliocheka, nenda ukawaambie wamemcheka nani. Usiwaandikie kwenye simu. Wasemeshe kwa mdomo, wakikutazama. Kisha uje unieleze, kabla jua halijazama."

*

Jumamosi hakwenda sokoni. Alikwenda kwa Parfait saa sita, wakati wa watu wengi. Viti vyote vilijaa, na mlangoni Zabibu, mama kutoka Tanga, alikuwa anauza chapati na maharage. Walipomwona walishangilia. "Docteur! Umetuletea nini? Malkia amejifungua?"

Emery alisimama chini ya pale picha ilipokuwa. Bado palikuwa na gundi. Alieleza yote, kuanzia mkono mpaka sahani mpaka jua kuzama, kwa Kiswahili chake cha Bukavu kilichoanza kukwaruza. Alipofika kwenye nguo za kumlilia mume, Zabibu aliweka chini mwiko.

"Kumbe yupo eda!" alisema. "Jamani! Mie nilikaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, mtandio kichwani. Nanyi mmemcheka mtu yupo eda? Na mie nikacheka? Astaghfirullah."

Wengine walitazama chini. Parfait alikohoa, akasema atatuma ujumbe kwenye makundi yote. Lakini Juvénal, aliyekuwa kitini na shuka la kunyolea shingoni, hakutazama chini.

"Docteur, mimi nikuulize," alisema. "Walionipiga, kuna mtu alikwenda kuwaeleza kwamba Juvénal ana mama yake, ana huzuni zake? Hakuna. Tangu wanipige nimecheka mara moja tu, kwa picha yako. Sasa unakuja kuninyang'anya na hicho kicheko."

Emery alimtazama mdomo wake, lile pengo la meno, na kwa mara ya kwanza mkono wake haukutamani penseli. Aliona uchungu wa mwenzake ulikuwa wa haki.

"Yule aliyekupiga nitamuchora, Juvénal," alisema mwishowe. "Nitamuchora mpaka ajifiche. Lakini huyu mama hakukupiga. Huyu alituwekea geti."

"Ni watu wao."

"Na miye ni mutu wako. Nikikosea miye, wakupige weye?"

Juvénal alivua shuka, akaweka randi zake mezani kabla ya kumaliziwa nywele, akatoka na upande mmoja wa kichwa umenyolewa. Wawili wengine wakamfuata. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba Docteur amenunuliwa na mwenye nyumba. Waliobaki walizungumza habari za mpira. Hakuna aliyemwita Docteur tena siku ile, na ilimuuma sana, wala hatusemi haikumuuma. Zabibu tu alimfungia chapati mbili kwenye gazeti, akakataa pesa.

*

Alirudi Observatory kwa miguu. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, aliona wanawake wawili wamevaa sare za kanisa, za kweli, akawapisha. Jua lilikuwa limeshuka sana. Aliongeza mwendo, na kupanda ngazi alizipanda mbili mbili.

MaZondi alikuwa amesimama ndani ya mlango wa jikoni. Marthe na Gaëlle walikuwa nje, hatua chache kutoka kwake, wakimngoja. Emery aliwaeleza yaliyotokea bila kujipamba. Alisema wengine walielewa, wengine walikasirika, watatu wakatoka.

"Uliwaambia nini hasa?" mama aliuliza kupitia kwa mtoto.

"Niliwaambia Mama si malkia wala si mutu wa kiburi. Niliwaambia ni mjane."

"Mjane wa nani?"

Gaëlle alitafsiri. Emery alimtazama mkewe, na Marthe naye alikuwa anamtazama yeye. Miezi miwili walikuwa wameoga kwa maji ya nyumba hii na kulala nyuma ya kuta zake. Aibu iliyomshika hapo ilizidi ile ya kwa Parfait, kwa sababu hii hakuwa na mtu wa kugawana naye.

"Sijue, Mama," alisema. "Sikuuliza."

MaZondi aliegemea fremu ya mlango. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ile ndogo.

"Bhekani. Bhekani Mthethwa. Fundi wa lifti, miaka ishirini na sita, majengo yote marefu unayoyaona kule mjini. Nyumba hii aliinunua yeye. Vyumba vyenu alivijenga kwa mikono yake, kila Jumapili, na mimi nikimpa matofali. Angeiona picha yako angecheka kuliko hao wote, maana hata yeye aliniona najidai." Alishika pini ya mtandio wake, akaiachia. "Mtu halali katika nyumba ya mtu asiyemjua jina. Sema."

"Bhekani Mthethwa," Emery alisema.

"Tena."

Akasema tena. Marthe naye akalisema, ulimi ukamkwama kwenye Mthethwa, akarudia mpaka likanyooka. Gaëlle akalisema mwisho, sawasawa, kama linavyosemwa. Kila mara mama alikuwa anainamisha kichwa.

"Sandile nitamwambia mimi kwamba hamtoki," alisema, akafunga mlango.